Nyekundu Imepita Katikati

"Hiki kitambaa kakikunja nani?" Inspekta Kuzumi aliuliza.

Juu ya meza ya kupimia palikuwa na kiboksi cha plastiki, ukubwa wake kama kiberiti. Humo ndimo ilimokuwa ikilala chipu iliyopotea. Sasa mlikuwa na kitambaa cha kufutia lenzi tu, kimekunjwa kona kwa kona, kimenyooshwa, kimelazwa katikati. Kifuniko nacho kilikuwa kimefungwa vizuri kabisa.

"Afande, sisi tumeibiwa, wewe unauliza habari za kitambaa?" alisema Torigoe Mitsuharu, mkurugenzi wa karakana. Mrefu, tai imemkaba, simu haijatoka mkononi tangu asubuhi. "Mwizi tunaye. Yuko kantini. Jioni hii nakuja kituoni kuandikisha kesi."

"Mwizi anayekunja kitambaa sijawahi kumkamata mimi. Nina hamu naye."

Mwizi aliyetajwa alikuwa Khoat, fundi kutoka Vietnam, mtu wa miaka thelathini kasoro. Kuzumi alijua vizuri kesi ikiandikishwa nini kitafuata. Kazi basi. Na kibali cha kukaa Japani kimefungwa kwenye kazi hiyohiyo, kwa hiyo na chenyewe basi. Tena kesho asubuhi wanunuzi kutoka Tokyo wanakuja hapa Sabae kuiona chipu ikiwaka. Isipoonekana, hakuna cha kuwaonyesha zaidi ya kitambaa kilichokunjwa.

Aliyeibuni chipu alikuwa amesimama kwenye kona, macho mekundu. Sakaguchi Chinami, mhandisi. Alikuwa anatafuna kamba ya kofia ya ovaroli yake.

"Dada, acha kula nguo, nieleze hiki kitu," Kuzumi akamwambia. "Nieleze kama unamweleza mama yangu. Alikuwa anang'arisha fremu za miwani nyumbani, mtaa wa pili tu hapo. Akili alikuwa nayo. Subira ndiyo hakuwa nayo."

Chinami akaitema kamba.

"Picha ya rangi inatoka kwenye taa tatu. Nyekundu, kijani, buluu. Ukizichanganya sawasawa unapata nyeupe. Sasa kwenye miwani ya kuonyesha picha jichoni, taa zote tatu lazima zitokee tundu moja. Wenzetu wanapanga vioo na lenzi, linakuwa donge kama kipande cha sabuni. Nani atavaa sabuni sikioni?"

"Hata mimi na sura hii sivai."

"Mimi natumia vijia. Kioo ndani ya kioo, vyembamba kuliko unywele. Mwanga ukiingia humo haumwagiki. Ukivipitisha viwili karibu karibu, bila kugusana, mwanga wa hiki unaanza kuhamia kwa jirani. Kidogo kidogo mpaka wote umehamia. Ukiuacha uendelee, unarudi ulikotoka."

"Kama shemeji yangu."

Chinami alitaka kucheka, akajizuia. "Kila rangi ina umbali wake wa kuhama. Nyekundu inahama mapema, buluu inachelewa. Kazi yangu ni kupanga vijia vikaribiane wapi, viachane wapi, ili zote tatu na tabia zao zikutane mlango mmoja. Hii mpya nimeifupisha mpaka inaingia ndani ya mkono wa miwani. Tumetengeneza nyingi, afande. Iliyotoa nyeupe safi ni hiyo moja tu."

Kuzumi akaandika maneno mawili, akaanza kuzunguka. Alikuwa na tabia ya kuzunguka chumba akiwa ameinama, mikono mgongoni, miwani ikimteleza puani. Mlangoni kulikuwa na rafu, na juu ya rafu sahani tupu yenye alama ya maji.

"Na hii?"

"Ilikuwa na tofu," mkurugenzi alijibu kwa kuchoka. "Leo siku ya sindano."

Kuzumi akaitikia kwa kichwa. Mama yake naye kila Desemba alichomeka sindano zake zilizovunjika kwenye tofu, kipande laini cha maziwa ya soya yaliyoganda, zipumzike baada ya kazi ngumu, akazipeleka hekaluni kuzishukuru.

"Ninyi mnashona nini humu?"

"Hatushoni," Chinami alisema. "Ila hizi nyuzi za kioo zikivunjika zinachoma kuliko sindano. Mzee Torigoe alisema nazo zimefanya kazi, nazo zina haki. Kwa hiyo wiki nzima tunazichomeka kwenye tofu, na siku yenyewe mkewe, Mama Fumie, anazipeleka."

"Baba ndiye aliyeanzisha karakana na hayo mambo yote," mkurugenzi akadakia. "Tunaweza kurudi kwenye wizi?"

"Turudi. Una ushahidi gani?"

"Kamera ya mlango mkubwa. Jana Jumapili kaingia Khoat peke yake. Kaingia na mfuko. Halafu kwenye simu yake kuna picha ya chipu, kaituma nje ya nchi."

"Alitoka na mfuko?"

"Hapana. Mikono mitupu."

"Kaja kuiba na mfuko, katoka bila mfuko. Mwizi gani huyu, analeta?"

Kuzumi akashika njia ya kantini.

*

Khoat alikuwa kantini, chai mbele yake imepoa. Alisimama Kuzumi alipoingia, akainama, akakaa, akasimama tena.

"Kaa bwana, unanichosha. Picha ulimtumia nani?"

"Mama yangu, afande."

"Akasemaje?"

Khoat akaangalia chini. "Kasema kadogo sana. Kasema miaka yote hiyo Japani, kwa nini sijatengeneza kakubwa?"

Kuzumi alikohoa ili asicheke. "Jana ulifuata nini?"

"Glovu."

"Na mfuko?"

"Mfuko gani?"

"Ulioingia nao."

"Ah. Ule. Ulikuwa... glovu."

"Ulileta glovu kwenye mfuko ili ufuate glovu."

Masikio ya Khoat yakawa mekundu. Kuzumi amehoji waongo wengi, na anawagawa mafungu mawili. Kuna wanaojisitiri wenyewe, hao macho yao yanatafuta mlango. Na kuna wanaomsitiri mtu mwingine, hao wanaangalia mikono yao. Khoat aliangalia mikono yake kama ndiyo kwanza amepewa.

"Unajua ukikaa kimya unarudishwa kwenu?"

"Najua."

"Na bado?"

"Sijaiba, afande. Ile chipu nimeiunganisha mimi na dada Chinami, uzi kwa uzi. Mtu anaiba mtoto wake?"

*

Kabla ya kufika karakanani Kuzumi alikuwa na mtu wake mwingine kichwani. Hatanaka, muuza mashine wa Osaka, Jumamosi alikuwa ameachwa peke yake kwenye chumba cha kupimia, Chinami alipokwenda kupokea simu. Kuzumi alishawapigia wenzake wa Osaka wamfuatilie. Aliporudi mezani akamtaja.

Safari hii Chinami alicheka waziwazi. "Hatanaka? Afande, yule anauza mashine hizi, kuziwasha hajui. Siku moja aliangalia hadubini kwa upande wa chini, akatuambia ina ukungu. Halafu Jumamosi jioni, yeye ameshaondoka, niliiwasha chipu mwenyewe. Ilikuwepo."

"Ungenipigia ukaniambia asubuhi."

"Hukuniuliza asubuhi."

Hatanaka akatoka kwenye orodha. Kuzumi akainama juu ya mashine ya kupimia. Vishikizo vitatu mbele, kila kimoja na skrubu zake ndogo, na nyuma yake nyuzi za kioo zinazoleta mwanga kutoka kwenye leza.

"Hakuna aliyegusa hapa leo?"

"Hakuna. Nimefika, nimeona kiboksi kitupu, nimepiga kelele."

"Huu uzi uliofungwa katikati ni wa rangi gani?"

"Nyek..." Chinami akasita. Akasogea. Akaufuata uzi kwa kidole mpaka kwenye leza, akarudi nao. "Nani kaweka nyekundu katikati?"

"Si ndipo inapokaa?"

"Zamani! Miundo yetu yote ya zamani nyekundu ilipita katikati, moja kwa moja, wenzake ndio wanahamia kwake. Huu mpya nimeugeuza. Kijani katikati, nyekundu kushoto. Ndiyo siri ya ufupi wake."

"Ukiipitisha nyekundu katikati inakuwaje?"

"Inahamia kijia kisicho chake, inaishia humo. Mlangoni hapatoki kitu. Na wenzake wakiwekwa kizamani, vilevile. Giza."

"Mtu anayejaribu, asiyejua kama umegeuza, akiona giza atasema nini?"

Chinami alijibu polepole. "Atasema chipu imekufa."

"Kufunga uzi huu kunahitaji ujuzi?"

"Afande, hizo skrubu ukipumua vibaya umekosa. Mimi nimejifunza mwaka mzima."

Kuzumi akanyoosha mgongo, ukalia. "Basi. Tunamtafuta mtu mwenye mkono wa kazi hii kuwashinda wote, anayejua muundo wa zamani na hajui wa mpya. Khoat anaujua mpya. Hatanaka hajui chochote. Nani amebaki?"

Chinami alianza tena kutafuna kamba. Mkurugenzi alikuwa anaangalia simu yake, na simu ilikuwa imezima.

Kuzumi hakuwasubiri. Alikwenda chumba cha kubadilishia nguo, akakanyaga kipedali cha pipa la taka, akaanza kulipekua. Barakoa, karatasi, glovu. Glovu moja ilikuwa nzito. Akaigeuza ndani nje, kikaanguka kijiko bapa cha mti chenye utando wa rangi ya chokoleti.

Alikinusa. "Yokan."

Hilo halikuhitaji mtaalamu. Mkoa wote huu wa Fukui, theluji ikianza kunukia tu, watu wanakaa na jeli hiyo ya maharage mekundu mapajani na kijiko chake cha mti, wanaikwangua kutoka kwenye boksi.

"Humu hairuhusiwi hata pipi," Chinami alisema.

"Ndiyo maana kimefichwa. Lakini angalia kilivyofichwa. Ndani ya glovu, glovu chini ya barakoa. Mwizi aliyechukua chipu ya mamilioni anahangaika na kijiko? Aliyekificha hivi haogopi polisi." Kuzumi akakitia kwenye mfuko wa ushahidi. "Anaogopa mke."

Mkurugenzi akakaa kwenye benchi la viatu.

"Mzee wako ana sukari?" Kuzumi alimuuliza, sauti imeshuka.

"Sukari, na moyo. Na mikono inatetemeka. Ameahidi mbele yetu wote hatagusa tena mashine. Mlango wa kutoka nyumbani kuja huku unafungwa, funguo anayo mama." Akajishika paji la uso. "Afande, baba hajui kama chipu imepotea. Daktari kasema asishtuliwe. Tumekubaliana hakuna wa kumwambia."

"Na nani alimwambia kama muundo umegeuzwa?"

"Hakuna. Tulitaka kesho aone ikiwaka tayari."

"Mnampenda sana mzee wenu," alisema Kuzumi. "Mmempenda mpaka fundi wenu anarudishwa kwao."

*

Mzee Torigoe Yasuji alikuwa peke yake nyumbani, miguu chini ya kotatsu, ile meza fupi yenye hita ndani na blanketi juu. Mfupi, kichwa kinang'aa, miwani ya fremu nzito aliyoitengeneza mwenyewe. Nje ngurumo ikapiga, ile ya kuleta theluji.

"Mtoto wa Bi Kuzumi mng'arishaji," alisema kabla hajaambiwa jina. "Mama yako aliniita mwizi mbele za watu kwa sababu ya fremu kumi na mbili zenye mikwaruzo."

"Zilikuwa na mikwaruzo?"

"Zilikuwa nayo. Ingiza miguu, unapoa."

Kuzumi akaingiza miguu. Akaweka mfuko wa ushahidi mezani, kijiko ndani. Mzee akakifunika kwa kiganja.

"Fumie amekiona?"

"Bado."

"Khoat hana kosa. Mimi ndiye niliyemwagiza. Kila Jumapili namtuma boksi moja, ananiachia kwenye kabati la viatu la karakana. Mzuri yule. Mwanangu wa kuzaa ananipimia wali kwa mzani."

"Na funguo?"

"Ule mlango nimeujenga mimi. Unadhani mtu anajenga mlango asioweza kuufungua?"

"Mzee, sikuja kwa ajili ya yokan."

Mikono ya mzee ilikuwa juu ya blanketi, inatetemeka. Akaificha chini.

"Nilitaka kuiona tu," alisema. "Nikaiweka kwenye mashine. Mkono ukatulia, nakuapia, kama zamani. Nyekundu nikaifunga mara ya kwanza. Nikasukuma mwanga. Giza. Nikajaribu kijani, buluu. Giza. Nimeiua, mwanangu. Chinami kaikesha mwaka mzima, mimi nimeiua kwa mkono huu unaotetemeka kama wa mlevi. Nikasema nitamwambia. Asubuhi nikasema mchana. Wao nao leo wananichekea tu, hakuna anayesema kitu. Nikajua wamegundua, wananionea huruma."

"Na mwili uko wapi?"

"Mwili?"

"Wa marehemu. Uliuweka wapi?"

Mzee akamshangaa kama anaulizwa jua linatokea wapi. "Kwenye tofu. Pamoja na nyuzi. Kitambaa chake nikakikunja vizuri. Ulitaka niitupe pipani?"

Kuzumi alishasimama, ndala moja mguuni. "Tofu iko wapi?"

"Fumie kaenda nayo hekaluni. Wanazika leo."

*

Waliondoka wanne ndani ya gari moja. Kuzumi anaendesha, mkurugenzi pembeni, Chinami na Khoat nyuma. Maji ya kuyeyushia theluji yaliruka toka kwenye mabomba ya barabarani yakapiga milango. Kwenye taa nyekundu ya kwanza mkurugenzi akageuka nyuma.

"Ulijua ni baba."

"Nilijua ni yokan tu, bosi," Khoat alisema. "Chipu sikujua. Ila ningesema yokan, babu angefungiwa ndani kabisa."

"Na wewe ungefukuzwa nchi kwa sababu ya yokan?"

"Babu alinifundisha kukata uzi. Alinipigia vidole kwa rula mpaka nikajua."

Mkurugenzi akarudi kuangalia mbele. Taa ikawaka kijani, honi ikapigwa nyuma yao.

Hekaluni akina mama walikuwa wamepiga magoti, vitalu vya tofu vimepangwa mstari mbele ya mtawa mzee, vimechomwa sindano mpaka vinafanana na nungunungu. Sala ilikuwa imekwisha. Wawili walishanyanyua sinia kuelekea shimoni nyuma ya bustani.

"Mama mtawa!" Kuzumi alipaza sauti toka kwenye ngazi, soksi zimelowa. "Simamisha mazishi. Kuna marehemu mmoja yuko hai."

"Polisi hamna adabu siku hizi," mtawa alisema, lakini sinia likatua.

Chinami alikuwa ameshapiga magoti. Tofu ya Torigoe ilikuwa ya mwisho, nyuzi za kioo zinametameta juu yake kama mvi. Katikati yake, wima, imechomeka mikia yake mitatu ya nyuzi za kioo ndani ya tofu, ilisimama chipu. Kavu. Ndogo kama ukucha wa mtoto. Mzee hakuizamisha, aliisimamisha kama jiwe la kaburi.

"Mikia nitaikata upya," Khoat alinong'ona. "Dada, usilie juu yake. Chumvi."

Mama Fumie, mke wa mzee, aliyatazama hayo yote akiwa na mkoba wake mapajani. "Ni nani aliyetia kitu kizima kwenye tofu yangu?" aliuliza.

Wote wanne wakaanza kuangalia dari ya hekalu.

*

Chumba cha kupimia kilizimwa taa. Mzee Torigoe aliletwa kwa mlango wake mwenyewe, mkewe kamshika mkono, na hakuna aliyemweleza kitu. Alipoiona chipu kwenye mashine akataka kugeuka.

"Baba, kaa," mkurugenzi alisema. Alikuwa ameshainama mbele ya Khoat kumwomba radhi, tai imening'inia, na Khoat alishamwambia bosi inuka, damu itakujaa kichwani. Habari ya kesi haikutajwa tena.

Chinami akafunga kijani katikati. Nyekundu kushoto. Buluu kulia. "Nimeigeuza, mzee. Ilikuwa nzima. Ulibisha hodi mlango wa jirani."

Akasukuma mwanga.

Ukutani pakatokea nukta. Haikuwa na kijani, wala buluu, wala nyekundu. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasogea mpaka pua ikakaribia ukuta.

"Nyekundu imezidi," alisema.

"Baba!"

"Imezidi kidogo. Nani aliyefunga huo uzi?"

"Mimi, babu," Khoat alisema.

"Ndiyo maana."

Khoat akamvuta stuli, akamkalisha. Akachukua vidole vya mzee vinavyotetemeka, akaviweka kwenye skrubu, akaweka vyake juu. Vikatulia. Wakageuza pamoja, kwa kipimo cha pumzi. Nukta ikapauka, ikasafika, ikawa nyeupe kama wali.

"Hapo," mzee alisema. "Hapo, acha. Msiiguse mpaka wale wa Tokyo waondoke."

Chinami alikuwa analia tena, safari hii mbali na mashine. Mama Fumie peke yake hakuwa anaangalia ukuta. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa koti la Kuzumi, ambako pembe ya mfuko wa plastiki ilichungulia na ndani yake kitu bapa cha mti.

"Afande," alisema taratibu. "Hicho ni kijiko cha nani?"

Mzee alishika skrubu kama mtu anayeshika ukuta.

Inspekta Kuzumi akasukumia mfuko chini kabisa ya koti, akafunga kifungo.

"Cha kwangu, mama," alisema. "Nina njaa tangu asubuhi."